Pumzi Nyuma ya Dashibodi

Siku ilikuwa Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi. Mbingu zilikuwa nyeupe kwa joto, hapakuwa na wingu wala upepo, na kipimajoto kilichoning'inia ukutani mwa karakana kilisoma nyuzi thelathini na nne. Gari liliingizwa likisukumwa na wanaume watatu, kwa kuwa betri yake ilikwisha kufa na kuondolewa zamani. Fundi umeme alifungua mlango wa dereva ili akaze breki ya mkono, akaingiza mkono, kisha akautoa upesi. Ndani mlikuwa na baridi.

Alisimama akifikiri. Gari jeusi, lililokaa miaka miwili chini ya turubai, kisha likasukumwa juani kwa nusu saa nzima, lilipaswa kuwaka ndani kama tanuri. Alikwenda kuchukua kipimajoto chake kidogo, akakilaza juu ya kiti, akahesabu dakika tano kwa saa ya mkononi. Nyuzi kumi na tisa.

Wenzake walimwita Mita, kwa sababu hakuwahi kukubali jambo lolote kabla ya kulipima. Alikuwa na daftari lenye safu tano: tarehe, saa, dalili, kipimo, hatua. "Huyu hata mkewe alimpima volti kabla ya kumposa," alipenda kusema Nyundo, mgonga mabati wa karakana ile, na wateja walicheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Nyuma ya gari waliingia wanawake wawili kwa miguu: mjane aliyekuwa mshonaji wa sare za shule, na binti yake. Marehemu alikuwa dereva wa teksi na rafiki mkubwa wa Mita. Alifia ndani ya gari hilo hilo, amelala, mchana kweupe.

"Shemeji, sikutaka kumpa fundi mwingine," alisema mjane. "Lina tabia mbaya siku hizi. AC inajiwasha yenyewe. Nikikaa cherehani naliona turubai linapanda na kushuka, linapanda na kushuka. Na betri hamna!"

"Waya za zamani hizo," alijibu Mita. "Zina mambo."

"Najua utaliweza. Wewe ndiye uliyempa marehemu ubaridi wa siku zake za mwisho. Jambo hilo sijalisahau."

Mita alijifuta mikono ambayo bado ilikuwa safi.

"Leseni nimepata, baba mdogo," binti alidakia, akiuzungusha usukani kwa mzaha. "Jumatatu naanza kupakia. Ila pale tunaposimama hapana kivuli hata cha kumsitiri kuku, kwa hiyo ukishindwa sema mapema, nisije nikawakaanga abiria."

"Tutalifuata Ijumaa saa nane," alisema mama yake.

Walipoondoka, Mita alianza kazi kwa mpangilio wake wa siku zote. Alifungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa fyuzi ya feni, akaipima: nzima. Akapima nyaya zinazoingia kwenye swichi ya AC: sifuri. Akapima relei: sifuri. Hilo lilikuwa sahihi kabisa, kwa maana gari lisilo na betri halina pa kuupatia umeme. Hata hivyo, alipouweka mkono mbele ya matundu ya hewa ya dashibodi, hewa ilimpiga kiganjani, baridi na yenye unyevu. Akafungua skrubu nne chini ya dashibodi, akaitoa feni yenyewe, akaibeba hadi mezani na kuiweka juu ya gazeti. Akarudi, akauweka mkono tena.

Hewa ilikuwa inatoka.

Alichana kipande cha karatasi laini, akakishika kwa ncha za vidole mbele ya tundu. Karatasi ilisukumwa kuelekea kwake, ikatulia, kisha ikavutwa ndani ikanata kwenye vipande vya plastiki. Ikasukumwa tena. Feni ya gari hupuliza tu, haivuti. Mita alitazama saa yake na kuhesabu kwa dakika moja kamili, halafu akaandika kwenye safu ya kipimo: *mara kumi na nne*.

"Gari lina pumu?" aliuliza Nyundo, akichungulia kwa nyundo begani.

"Ni tofauti ya joto. Hewa inapanuka."

"Inapanuka kumi na nne kwa dakika? Mita, hapo kuna mtu amelala."

Alisema hivyo kwa utani, lakini hakuna aliyecheka, na baada ya muda Nyundo alirudi kwenye mabati yake akagonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumatano asubuhi Mita alifanya jambo alilolikwepa tangu siku ya kwanza. Alilala chali sakafuni mwa gari, kichwa chini ya usukani, akamulika kwa tochi ule ukuta wa bati unaotenga injini na chumba cha abiria. Alijua mahali pa kutazama. Kulia kwa shina la usukani palikuwa na tundu la duara, na katikati yake ulipita waya mmoja mwekundu. Kingo za tundu zilikuwa na ukoko mweusi wa utepe ulioyeyuka.

Tundu hilo alilitoboa yeye.

Miaka miwili iliyopita marehemu alimletea gari likiwa na waya wa kompresa ya AC ulioungua ndani ya kifungu cha nyaya. Kazi sahihi ilikuwa kukifungua kifungu chote, siku mbili. Mita alichagua njia ya mkato: waya mpya kutoka kwenye swichi moja kwa moja hadi kwenye kompresa, kupitia tundu jipya. Alitoboa kwa drili. Kisha akatafuta ndani ya droo ile pete ndogo ya mpira inayovalishwa ukingoni mwa tundu, ili waya upite na hewa isipite. Ya saizi ile ilikuwa imekwisha. Gari jingine lilikuwa linasubiri. Akazungushia utepe wa kuhami umeme, akasema moyoni kuwa atalirudia kesho. Aliona pia kwamba bomba la moshi lilikuwa na ufa karibu kabisa na ukuta ule, akamwambia rafiki yake, "Hilo tutalichomelea siku nyingine," na rafiki yake akajibu, "Siku nyingine, fundi wangu, muhimu niwe na ubaridi."

Siku tisa baadaye dereva yule aliegesha juani kusubiri abiria, akapandisha vioo, akawasha AC, akalala. Waliomgongea kioo walimkuta amekwisha kupoa. Watu walisema ni moyo. Mita alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, naye alimwambia mjane, kwa sauti iliyosikika na wengi, kwamba siku ya mtu ikifika imefika. Hakuna aliyekuja kulifungua gari. Hakuna aliyemuuliza. Na kwa muda wa miaka miwili hakuna kipimo alichokiogopa zaidi ya kile ambacho hakukichukua.

Njia sahihi sasa ilikuwa kumwita Nyundo alichomelee bati. Lakini Nyundo angeuliza. Kwa hiyo Mita alikwenda dukani, akanunua pete ya mpira ya milimita kumi na mbili, akauchomoa waya upande wa kompresa, akaupitisha, akaibana pete mahali pake kwa gundi, akaunga waya upya. Mara hiyo hiyo pumzi ilikoma. Aliweka karatasi mbele ya matundu kwa robo saa nzima, nayo haikutikisika. Akaandika: *imekwisha*. Alipoinuka alijiona mwepesi, akamnunulia Nyundo soda, jambo lililomshangaza Nyundo mno.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, alifungua mlango wa dereva. Pete ya mpira ilikuwa katikati ya kiti.

Aliiokota. Ilikuwa na uvuguvugu, na ilikuwa imelowa, si maji wala mafuta, bali ute mwembamba kama wa peremende iliyotoka kinywani. Harufu yake pia ilikuwa ya peremende, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na moshi. Marehemu hakuwahi kuendesha bila peremende shavuni. Mita alilala chini haraka kutazama: waya mwekundu ulikuwa umepita tunduni kama kawaida, haukukatwa wala kuchomolewa, ingawa pete ile isingeweza kutoka bila kimojawapo kati ya hayo mawili.

Alianza kuirudisha. Gundi ilimdondokea shingoni, na alikuwa bado chali, miguu ikiwa nje kwenye joto na kichwa kikiwa gizani chini ya usukani, aliposikia bawaba za mlango zikilia taratibu, si kama mlango unaosukumwa na upepo, maana upepo haukuwepo, bali kama mlango unaovutwa na mtu mwenye adabu asiyetaka kumwamsha mwenzake, hadi ukagusa magoti yake na kuyakalia. Kisha vioo vyote vinne, ambavyo huendeshwa kwa umeme na umeme haukuwepo, vikaanza kupanda pamoja, na baridi ikashuka kutoka kwenye matundu yote kwa mkupuo mmoja, ikampitia usoni, ikaingia mdomoni, tamu ya peremende na chungu ya moshi, na kiti cha dereva juu yake kikalia springi zake polepole jinsi kinavyolia mtu mzito anapojiegemeza apate usingizi.

"Fundi wangu," sauti ilisema, karibu, bila hasira. "Kesho imefika?"

Nyundo ndiye aliyemvuta kwa miguu. Alimkuta midomo imebadilika rangi.

"Nilikuita mara tatu," Nyundo alinong'ona. "Mita, nimesikia mtu anakoroma, na wewe ulikuwa macho. Mimi nakwenda kumleta yule mama."

"Mama gani?"

"Unamjua. Usinifanye nimtaje nikiwa karibu na hili gari."

Mganga alifika saa saba, jua likiwa utosini, saa ambayo wenye kazi yake huipendelea. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mkoba wa ngozi na miwani ya kusomea, na jambo la kwanza alilolifanya ni kuomba kiti. Jambo la pili lilikuwa kufukiza ubani kwenye kitezo, kukiweka mbele ya kiti cha abiria, na kufunga mlango.

Watu watatu walitazama kupitia kioo. Moshi ulipanda, ukazunguka, ukajaza nafasi yote hadi dari, ukatulia. Kisha, kana kwamba umeitwa kwa jina, ukajikusanya ukawa uzi mmoja mweupe, ukashuka chini ya usukani, ukapotea. Mganga alitembea hadi mbele ya gari, akamwamuru Nyundo afungue boneti. Uzi ule ulikuwa unatokea upande wa injini, kando ya waya mwekundu, na pete ya mpira, ambayo Mita alimalizia kuigundisha kabla mganga hajafika, ilikuwa pale pale mahali pake.

"Tundu hili alilitoboa nani?" aliuliza mganga.

Nyundo alimtazama Mita. Mita alitazama tundu.

"Magari ya zamani haya, mama. Yamepita mikono mingi."

Mganga alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la nguo, bila haraka.

"Mwanangu, mimi kazi yangu ni kutoa kilichoingia bila kukaribishwa. Jini mpanda kiti, anayemwingia mtu, namfahamu, anataka hiki na kile, tunamaliza. Huyu wa kwako hataki kitu. Amekaa anakusubiri useme. Ulipomficha ndipo ulipompa nyumba." Akafunga mkoba. "Sichukui chochote. Sikufanya kazi."

"Na kama sina la kusema?"

"Basi ataamshwa na wa kwanza kukikalia kiti chake," alisema mganga, akaondoka juani bila mwavuli.

Ijumaa saa nane kamili waliingia mama na binti. Mita hakuwa amelala, lakini alikuwa amepanga. Betri mpya imefungwa, feni imerudishwa, gesi imejazwa, swichi inafanya kazi. Hata hivyo angesema gari halifai kabisa, liuzwe kama chuma chakavu. Angesema injini imekufa. Alikuwa ameandaa sentensi tatu na kuzipanga kwa mfuatano. Kabla hajaanza ya kwanza, binti alikwisha kuingia, akafunga mlango.

"Ee, mama! Baridi safi!" sauti yake ilisikika kupitia kioo kilichofungwa. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwa Mita.

Binti alicheka, akaegemea kiti, akapiga mwayo. Akapiga mwayo wa pili, mrefu zaidi, na mkono aliouinua kuziba mdomo haukufika, ulirudi pajani. Kope zilishuka. Kifua chake kikapanda na kushuka, na Mita, ambaye hakuweza kujizuia kuhesabu, alitambua kwamba kilikuwa kinakwenda sawia na hewa iliyokuwa ikitikisa nywele za msichana yule mbele ya matundu.

Aliuvuta mlango ukakataa. Akauvuta tena kwa mikono miwili, mguu ukiwa ubavuni mwa gari, ukakataa.

"Nilitoboa mimi!" alipiga kelele, na hakujua anamwambia nani. "Tundu ni mimi! Sikuweka mpira, nikaacha, moshi ukaingia. Si moyo, shemeji. Hakufa kwa moyo. Ni mimi!"

Mlango ulifunguka kwa ulaini kiasi kwamba aliangukia mgongo. Binti alitoka akipepesa macho, akiuliza kwa nini watu wanapiga kelele.

Mjane alikuwa amesimama na mkoba wake kifuani. Nyundo aliiweka nyundo chini kwa uangalifu, kama mtu aliye ndani ya nyumba yenye maiti.

"Nionyeshe," alisema mjane.

Mita alifungua boneti, akaonyesha kwa kidole. Alieleza yote kwa mfuatano wake: waya, drili, droo, gari lililosubiri, utepe. Mjane alisikiliza kama anavyosikiliza mshonaji anayepokea vipimo vya mteja, akiitikia kwa kichwa kila kimoja kilipokamilika.

"Upana wake?"

"Milimita kumi na mbili."

"Hata kifungo cha koti ni kikubwa kuliko hili." Akainamia injini. "Na bomba la moshi? Ufa ulikuwepo siku ile?"

"Ulikuwepo."

"Sasa je?"

"Bado upo. Nyundo alikuwa alichomelee leo."

"Msiliguse." Akamgeukia, na kwa mara ya kwanza hakumwita shemeji. "Ulikula kwangu siku arobaini, fundi. Ulinishika mkono. Mimi nilikuwa nawaambia watu, jamani, kama si yule bwana, mume wangu angekufa na joto. Nilikuwa nakuombea wewe. Unanielewa? Kila siku, nakuombea wewe."

"Mama, twende," binti alinong'ona. "Mama, tafadhali."

"Aliegesha saa saba na dakika kumi. Waligonga kioo saa nane na nusu. Hizo ni dakika themanini. Nimezihesabu usiku mara nyingi zaidi kuliko alivyowahi kupima huyu kitu chochote. Umeliziba tundu?"

"Nimeliziba."

"Kazi yako unaiamini?"

Mita alitoa ufunguo mfukoni.

"Basi ingia. Washa, pandisha vioo. Nitakufungulia mimi."

Nyundo alipiga hatua mbele. "Mama, hii sasa ni..."

"Mwache," alisema Mita. Alishangazwa na utulivu wa sauti yake mwenyewe. Aliingia, akakaa, akaingiza ufunguo, akawasha injini na AC, akapandisha vioo kimoja kimoja.

Baridi ilikuja. Pumzi ilikuja ndani yake, kumi na nne kwa dakika, na kiti cha abiria kilididimia taratibu ubavuni mwake. Hakugeuka. Nje ya kioo mjane alisimama juani akiwa ameinua mkono wa saa, binti akilia nyuma yake.

Katika dakika ya ishirini na mbili kitu kidogo kilianguka juu ya kiatu chake. Hakuwa na haja ya kuinama ili kujua kuwa ni ile pete ya mpira. Angeweza kugonga kioo. Mkono wake ulinyanyuka hadi usawa wa bega, akaona macho ya mwanamke yule kupitia kioo, akaushusha. Akainama chini ya usukani, akalitafuta tundu kwa kupapasa, akalibana pamoja na waya wake kwa kidole gumba. Upande wa pili ulikuwa ni bomba lenye ufa. Joto lilianza kama la kikombe cha chai, likawa la pasi, likawa kitu ambacho hakina mfano, na yeye akabana, shavu likiwa juu ya usukani, machozi yakimtiririka, huku mtu wa kando yake akihema kwa amani, polepole, kisha polepole zaidi, kumi kwa dakika, sita, tatu, hadi ikatoka pumzi moja ndefu yenye peremende ambayo ilimpitia sikioni, ikajaza gari lote, na haikuvutwa tena. Kiti cha abiria kiliinuka. AC ikaendelea kupuliza, hewa kavu ya mashine, isiyo na harufu yoyote.

Mita hakuondoa kidole. Hakujua ni muda gani umepita, maana saa ilikuwa kwenye mkono uliokuwa unaungua.

Mlango ulipofunguliwa, joto la nje liliingia, na mjane alikuwa amesimama hapo, akitazama kwanza kile kidole, halafu uso wake. Hakumsaidia kutoka. Aligeuza mkono ili naye aione saa: rafiki yake alikaa humo dakika themanini, na yeye amekaa themanini na moja.